Aliyesema Karibu Amehama

Safari yenyewe sitaisimulia. Aliyewahi kusafiri analijua vumbi, na asiyesafiri hatalijua kwa kuambiwa. Nitaanzia kizingitini, kwa sababu Komeo ni nchi ya vizingiti, na karibu mambo yote niliyoyaona kule, ya kuchekesha na ya kusikitisha, yalitokea mlangoni, kati ya aliye ndani na aliye nje.

Niliingia katika Bonde la Kunde jua likiwa limeanza kuuma. Kwenye nyumba ya kwanza nikasimama kando ya mlango, si mbele yake, nikabisha kama bibi yangu alivyonifundisha. "Hodi." Nikangoja. "Hodi." Nikangoja tena. Mara ya tatu nikasikia minong'ono, kisha mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono wa mwanamke ukatoka na kikombe, ukakiweka chini.

"Naona kuna chai hapa," sauti ikasema. "Sijui ya nani."

Mlango ukafungwa. Nilisimama nikiitazama ile chai. Ilikuwa ya tangawizi, ilikuwa ya moto, na mimi nilikuwa na njaa ya kutosha kumsamehe mtu yeyote. Nikainywa. Nilipomaliza, sauti ikasema kutoka ndani, "Kama kuna mtu amesimama hapo nje, sisi hatumfukuzi." Nilidhani nimedharauliwa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nilikuwa nimepokewa kwa heshima kubwa.

Mwenye mkono ule alikuwa Bi Mwatime, mtunzi wa miito, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitoka, akaniambia kwamba kuna jamvi limejitandika lenyewe ukumbini. Nililala kwake siku zote nilizokaa Komeo, na hata siku moja hakuniambia nilale. Ni yeye aliyenieleza sheria ya nchi, akiwa amekaa upande wake wa kizingiti na mimi upande wangu.

Zamani, alisema, alikuwapo mtu mmoja mkarimu, ambaye jina lake limesahauliwa. Wageni wake walizidi vitanda. Akawaachia kitanda, akawaachia chumba, mwisho akalala barazani juu ya mkeka. Asubuhi akapita mtu wa serikali aliyekuwa akihesabu nyumba. Alikuwa na swali moja tu: nani yumo ndani? Waliomo wakajibu, "Sisi." Akauliza, "Na yule wa barazani?" Wakasema, bila ubaya wowote, "Huyo ndiye aliyetukaribisha." Mtu wa serikali akafikiri, akaona kwamba jambo limekaa sawa, akaendelea na nyumba ya pili. Tangu siku hiyo ikawa sheria: aliyesema karibu amehama.

Nilicheka. Bi Mwatime hakucheka.

"Sasa mtu akitaka kweli kumkaribisha mwenzake?"

"Anasema pembeni," akajibu.

Na kweli, kusema pembeni nilikuona kila mahali. Kadi za harusi za Komeo huandikwa, "Hatutashangaa mkija." Mwenye duka husema mlango umejifungua. Mtu akiwa na msiba huwaambia majirani kwamba kilio chake kinasikika hadi barabarani, basi. Walinionyesha kijana mmoja aliyeteleza ulimi siku ya harusi yake, kwa furaha, akamwambia mama mkwe karibu. Sasa mama mkwe anaishi katika nyumba ile, na bwana harusi anaishi katika nyumba ya mama mkwe, na hakuna hata mmoja wao aliyeizoea.

Kazi ya kuitekeleza sheria hiyo wamepewa watu wa Idara ya Vilivyoachwa. Hupita wakisikiliza. Wakimsikia mtu amekaribisha, hufunga kitambaa cha kijivu kwenye kile alichokaribishia, na kitu hicho huitwa kiachwa. Kiachwa ni cha yeyote atakayetangulia kukitia kufuli. Nilipouliza kwa nini kisirudishwe kwa aliyekuwa nacho, niliambiwa kwamba huyo amehama.

Hayo ya nyumba watu wameyazoea. Yaliyokuwa yakiwauma ni ya miito, na hapa lazima nieleze kidogo. Komeo magurudumu ya maji hayasukumwi na punda. Yanatii maneno. Mtunzi hutunga beti, kila ubeti ukiliambia gurudumu jambo moja: amka, zunguka, chota, mwaga. Zikiimbwa kwa mpangilio, maji hupanda kutoka mtoni hadi shambani. Neno likikosewa gurudumu husimama, au huzunguka kinyumenyume na kummwagia mwimbaji maji yote, jambo ambalo watoto wa kule hulipenda sana.

Miito mingi huuzwa ndani ya kasha. Mwimbaji wa kuajiriwa hufungiwa humo, mnunuzi husikia mvumo tu, gurudumu linatii, na likianza kuleta matata hana la kufanya ila kumwita mwenye kasha. Lakini wapo watunzi wachache wanaoandika miito yao ubaoni, peupe, na juu yake huweka lile neno la kale. Bi Mwatime ni mmoja wao. Mwito wake unaitwa Panda Maji, na ubao wake umesimama njiapanda kando ya gurudumu la kwanza. Nilikwenda kuusoma. Juu kabisa palikuwa na maneno haya: "Karibuni. Uimbeni, urekebisheni, mpeane. Atakayeongeza ubeti, naye auache wazi kama alivyozikuta hizi. Jina la mtunzi lisifutwe. Mwatime."

Chini yake zilifuata beti. Bonde zima lilikuwa likinywa kwa beti hizo, kuanzia shamba la juu hadi kwenye matope ya mwisho, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulipa kitu. Juu ya ubao, kitambaa cha kijivu kilikuwa kikipepea.

Aliyeomba kufuli alikuwa Bwana Khelefu, mwenye makasha mkubwa kuliko wote mjini. Si mtu mbaya, na nisingependa msomaji amwone hivyo. Aliichukua Panda Maji kama wengine wote, akaitungia beti tatu za ziada zinazolifanya gurudumu lichote hata mto ukiwa umepungua. Beti nzuri; hata Bi Mwatime alikiri, kwa shingo upande. Kisha akaufungia mwito wote ndani ya kasha, beti zake na za mwenzake, akaandika jina lake juu. Akipewa kufuli, mkulima yeyote wa bondeni atakayeimba Panda Maji kwa mdomo wake mwenyewe ataitwa mwizi. Kesi ilikuwa isikilizwe wiki ileile.

Jioni moja kabla ya kesi nilimkuta Bi Mwatime akipepeta mchele kwa hasira, chuya na mchele vikiruka pamoja.

"Nitakwenda niwaambie nimeirudisha karibuni yangu," akasema. "Kwa wote. Tuone nani atafungua mdomo."

"Na majirani zako je?"

"Majirani zangu walikuwa wapi kitambaa kilipofungwa?"

"Walikuwa shambani wakimwagilia, Bi Mwatime. Kwetu aliyekwisha kula hatapishwi."

Akauweka ungo chini. "Kwa hiyo mimi sina haki yoyote. Ndivyo wanavyosema wale wa Idara."

Nikamwambia sivyo. Chungu ni chake. Kesho anaweza kutunga mwito mpya akaufungia ndani, na hakuna wa kumlaumu. Anaweza hata kuchukua Panda Maji hii hii akampakulia Khelefu sahani yake ya pembeni, kwa bei wanayoelewana na kwa masharti mengine, wala hatakuwa amewavunjia neno wale wanaokula kwenye sinia. Mwenye chungu hupakua apendavyo. Asichoweza ni kumfuata mtu aliyekula jana kwa ruhusa yake akamdai tonge.

"Hiyo sahani ya pembeni Khelefu ameshaniomba," akasema polepole. "Alimtuma mtu. Nimpe yeye ruhusa ya kufungia, aniachie ubao wangu na watu wangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema siuzi." Akachukua ungo tena, akapepeta kidogo. "Si kwamba sikutaka. Kuna ubeti mmoja mle..."

Hakumaliza, nami sikumuuliza, nikidhani ni mambo ya utunzi.

Baraza la hukumu la Komeo lina kitu kimoja cha ajabu: katikati ya ukumbi pamesimamishwa mlango bila ukuta. Anayeaminiwa kuwa mwenye mali husimama upande wa ndani, na anayedai husimama upande wa nje, ingawa kila mtu anaweza kuuzunguka ule mlango kwa hatua chache tu. Siku ile Bwana Khelefu alikuwa ndani. Bi Mwatime alikuwa nje ya mwito alioutunga mwenyewe. Hakimu alikuwa Bi Jokha, mwanamke mwenye mafua na subira ndogo, aliyekuwa akitafuna karafuu muda wote.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Makame, mkuu wa Idara ya Vilivyoachwa, mtu mpole anayezungumza kana kwamba anamtuliza mgonjwa. Alisema hakuna anayemchukia Bi Mwatime. Idara inampongeza kwa moyo wake. Lakini mwenye kitu hutambulikana kwa kukizuia. Asiyezuia hana. Bi Mwatime ametoa bure, kwa kila mtu, kwa maandishi makubwa. Basi atuonyeshe ni wapi alipobakiza chake.

"Kitu cha bure hakina mwenyewe," akamalizia. "Ndiyo maana ya bure."

"Maziwa ya mama nayo ni ya bure," Bi Mwatime akasema kutoka nje ya mlango. "Kwa hiyo hayana mama?"

Watu wakacheka. Hakimu akapiga chafya, na kila mmoja akanyamaza.

Bwana Khelefu akasema maneno machache, na kwa adabu. "Mimi nilikaribishwa, nikaingia. Sikuruka ukuta. Nimetumia wakati wangu kuongeza beti tatu ambazo hakuna aliyeziweza. Mgeni hashtakiwi kwa kuingia alikokaribishwa."

"Sikushtaki kwa kuingia, Bwana Khelefu," Bi Mwatime akajibu. "Nakushtaki kwa kufunga mlango nyuma yako na mimi mwenyewe nikiwa nje. Ubao ulikwambia kilichoongezwa kiachwe wazi. Ulisoma neno la kwanza, mengine ukayaruka."

"Masharti huwekwa na mwenye mali," akasema Makame kwa upole uleule. "Na mwenye mali, sheria inasema, alihama pale pale kwenye neno la kwanza. Kilichofuata kilisemwa na mtu ambaye hakuwapo."

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinishinda kwa muda. Ilikuwa imeshonwa vizuri kiasi kwamba mtu angeweza kusahau kuwa ni upuuzi. Nikatazama watu wa bondeni waliojaa nyuma, wengi wakiwa bado na tope miguuni, nikaona wameanza kutazama chini.

Hapo Hakimu Jokha akaniita mimi. Alikuwa amesikia kwamba bondeni kuna mgeni anayetoka nchi ambako neno lile bado linatumika hovyo, akataka kujua linatumikaje. Nikaenda nikasimama karibu na ule mlango, nikiwa sina hakika ni upande gani.

"Kwenu mtu akisema karibu, mgeni anaingia?"

"Anaingia, mheshimiwa."

"Anakula?"

"Anakula. Asipokula wanakasirika."

"Na nyumba inakuwa ya nani?"

"Ya mwenyewe. Tena wana msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayempa jembe ni mwenye nyumba. Mgeni hajipi."

Wa nyuma wakaanza kunong'ona; msemo ule hawakuwa nao, kwa kuwa mgeni wa siku tatu hawajawahi kumpata.

"Sasa wanajuaje kwamba huyu ni mgeni na huyu ni mwenyewe," hakimu akauliza, "kama wote wawili wamo ndani?"

"Kwa sababu mgeni alibisha hodi."

"Hodi ni nini?"

Nilidhani ananitania. Nikatazama nyuso zote, nikaona kweli hawajui. Basi ndiyo maana siku ile ya kwanza walinong'onezana ndani.

"Ni neno la aliye nje," nikasema. "Maana yake, najua nyumba hii si yangu. Na karibu ni neno la aliye ndani, la kumjibu. Moja halisemwi bila jingine."

"Sisi tunalo la ndani tu," akasema hakimu, nusu akijiambia mwenyewe.

"Naona ndiyo maana limewaelemea, mheshimiwa."

Bi Mwatime alikuwa amekuja hadi kwenye kizingiti cha ule mlango usio na ukuta. Sauti yake safari hii haikuwa kubwa.

"Mama hakimu, hebu nikuulize. Nikikwambia shamba langu liko karibu, maana yake nini?"

"Haliko mbali."

"Mbali na nini?"

"Mbali na hapa. Na wewe unayesema."

"Basi nilipoandika karibuni, niliwaambia watu wasogee. Wasogee karibu na nani, kama mimi nimehama?"

Nadhani Bwana Makame alikuwa akilitafuta jibu katika sheria zote alizozijua, na sheria zote alizozijua zilianzia kwa yule mtu wa barazani ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Hakimu Jokha akaacha kutafuna.

"Ingia ndani, Bi Mwatime," akasema. "Upande wa ndani wa mlango. Simama hapo nikuone."

Watu wa bondeni wakapumua kwa pamoja. Nami nilifurahi, nikaanza kufikiria chakula. Lakini Bwana Khelefu hakuwa amepata mali yake kwa kukata tamaa mapema. Aliutoka upande wa ndani bila kusukumwa, akampisha Bi Mwatime kwa heshima, kisha akauliza swali lake akiwa nje.

"Nakubali. Mwenye mwito yupo, na masharti yake ni masharti. Nitayafuata, ikiwa mwito ni wake. Naomba hakimu amuulize Bi Mwatime, ubeti wa saba aliutunga yeye?"

Ubeti wa saba ndio unaoliambia gurudumu litosheke, lisimame shamba likijaa. Bila huo gurudumu huchota hadi bonde ligeuke ziwa. Jina la Mwatime lilikuwa ndilo pekee ubaoni. Angesema ndiyo, kesi ingeishia pale, na hakuna mtu ukumbini ambaye angempinga, isipokuwa mmoja ambaye hakuwapo.

Nilimwona akitazama watu wake waliojaa nyuma, wale wenye tope, mmoja mmoja.

"Si wangu," akasema. "Ni wa mdogo wangu, Zaituni. Aliutunga mwaka ule wa mafuriko. Jina lake sikuliandika."

"Kwa nini?" hakimu akauliza.

"Nilisema moyoni, wa nyumbani haandikwi."

Karafuu ikavunjika menoni mwa hakimu. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ametumaliza." Sikumlaumu.

Hukumu ya Bi Jokha ilikuwa fupi, kwa sababu ya mafua. Neno karibu halikumhamisha Bi Mwatime. Beti zake ni zake, na waliozipokea wamezipokea, na masharti yaliyo juu ya ubao yanamfunga kila aliyeingia, awe na kasha au awe na jembe. Lakini ubeti wa saba una mwenyewe mwingine. "Huyo hajawahi kusema karibu," akasema. "Alisemewa. Mtu hakaribishi kwa mdomo wa dada yake." Kesho Zaituni aje mwenyewe. Akiuacha wazi kama ulivyo ubao, hakuna kufuli, na Bwana Khelefu atazifungua beti zake tatu au atatunga mwito wake upya. Akimuuzia Bwana Khelefu peke yake, ni haki yake pia, na bonde litatafuta jinsi ya kuishi bila ubeti wa saba. Kisha akainuka akatafute maji ya moto.

Nyumba ya Bi Zaituni iko ng'ambo ya mto, juu kidogo, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki. Dada hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu ubao ulipoandikwa. Tulikwenda jioni ileile, na njia nzima Bi Mwatime alikuwa akijifunza kusema hodi. Mara ya kwanza aliisema kama mtu anayeita ng'ombe.

"Si amri," nikamwambia. "Ni ombi."

"Mimi sijazoea kuomba."

"Nimeona."

Akanitupia jicho, lakini alirudia kwa sauti ndogo, mara nyingi, hadi tukafika. Nikamwonyesha pa kusimama, kando ya mlango, si mbele. Akaificha mikono ndani ya kanga.

"Hodi," akasema.

Akangoja.

"Hodi."

"Ni nini hicho?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni neno la aliye nje. Nimefundishwa na mgeni wangu. Maana yake, najua nyumba hii si yangu."

Katika nyumba ya jirani dirisha likafunguka kidogo, kama madirisha ya Komeo yanavyofunguka.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sauti ile hakuna aliyekosa kuitambua bonde zima, sembuse ndugu wa tumbo moja. Lakini Bi Zaituni aliuliza, na nadhani alikuwa amengoja kuuliza miaka yote hiyo.

"Mwatime," akasema dada yake. "Niliyeandika jina langu juu ya ubeti wako."

"Khelefu alikuwa hapa sasa hivi," sauti ikasema. "Alisimama hapo hapo uliposimama. Ameniita mtunzi."

"Wewe ni mtunzi."

"Yeye amesema kwanza."

Bi Mwatime akainamisha kichwa. Nilitamani kuwa mahali pengine, hata kwenye lile vumbi nililokataa kulisimulia.

"Maji yaliondoka na viazi vyangu, dada," Bi Zaituni akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa karibu na mlango. "Gurudumu lako halikuwa na neno la kutosheka. Nikakaa kwenye tope nikalitungia. Ukaliimba, bonde zima likaliimba. Na mimi kila nikienda sokoni napita pale njiapanda, nasoma Mwatime. Nasoma tena, labda nimekosea. Mwatime."

"Kosa langu. Nilijua, nikajifanya sijui."

"Sasa umekuja kuniomba ubeti."

"Sikuja kuuomba. Nimekuja kuuliza ni wa nani na mwenyewe anataka nini. Ukimpa Khelefu, mimi kesho nitasimama mbele ya hakimu niseme umefanya lililo haki yako. Jina lako nitaliandika kwa vyovyote. Rangi ninayo hapa." Na kweli, alitoa ndani ya kanga kikopo kidogo cha rangi na brashi. Nilikuwa sijajua kwamba alivibeba.

Sasa madirisha yaliyofunguka yalikuwa mengi, na kwenye kona ya njia nikamwona mtu wa Idara, kitambaa cha kijivu begani, amesimama akisikiliza kama kazi yake inavyomtaka. Sheria ya nyumba ilikuwa bado haijafutwa. Hakimu alikuwa ameamua mambo ya mwito, hakuamua mambo ya milango.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka na kikombe, ukakiweka kizingitini.

"Naona kuna chai hapa," Bi Zaituni akasema, kama kila mtu wa Komeo alivyofundishwa kusema tangu utotoni.

Lakini mkono haukurudi ndani. Ulibaki pale, juu ya kikombe, vidole vikiwa vimekishika. Kisha mlango ukasukumwa hadi mwisho, ukagonga ukuta, na tukamwona: mfupi kama dada yake, macho mekundu, amesimama katikati ya mlango wake na miguu yote miwili. Alimtazama mtu wa Idara aliyekuwa tayari ameanza kukishusha kitambaa. Hakusogea hata kidogo.

"Chai hii ni yangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye madirisha ya mwisho. "Na ubeti wa saba ni wangu. Karibuni."